Kijitabu cha gemu si cha kutupwa

Kuna msemo umezoeleka sana kati yetu watengenezaji wa programu: kitu kikihitaji kijitabu cha maelezo, basi kimeundwa vibaya. Wapenzi wa gemu nao husema vivyo hivyo. Wewe bonyeza tu, utaelewa mbele ya safari. Mimi nakubaliana na nusu ya maneno hayo. Nusu ya pili naikataa, hasa tukija kwenye gemu za mkakati.

Nianze na nusu ninayoikubali. Angalia Plants vs. Zombies ya mwaka 2009. Hatua ya kwanza inakupa ukanda mmoja tu wa nyasi na aina moja tu ya mmea wa kurusha risasi. Unapanda, unasubiri, unapiga. Hatua zinazofuata zinaongeza ukanda, kisha mmea mwingine, na kabla hujatambua uko darasa la nane. Age of Empires II ya mwaka 1999 ilifanya hivyo kwa kampeni ya William Wallace: kwanza unatembeza askari, baadaye unatafuta chakula na mbao, halafu unajenga, na mwisho unapigana. Hakuna kijitabu ambacho kingefundisha hayo vizuri zaidi. Mkono hujifunza kwa kutenda, na anayetaka kuogelea sharti aingie majini.

Lakini vitufe si kanuni, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo.

Kucheza kunakuonyesha kilichotokea. Hakukuambii kwa nini kimetokea. Chukua Civilization ya kwanza, ile ya Sid Meier ya mwaka 1991. Wachezaji walilalamika miaka mingi kwamba kifaru cha kisasa kinaweza kushindwa na askari wa mikuki wa enzi za kale. Ukimuuliza aliyejifunza kwa kucheza tu, atakuambia kompyuta inaiba. Lakini hesabu yake ni ya wazi. Kifaru kina nguvu 10 za kushambulia, askari wa mikuki ana 2 za kujilinda. Jumla ni 12, kwa hiyo mwenye mkuki ana nafasi 2 kati ya 12, yaani atashinda mara moja katika kila mapambano sita hivi. Na hapo hujamwongezea kilima wala ngome. Anayejua hesabu hiyo hapeleki kifaru kimoja na kuomba Mungu. Anapeleka vitatu. Civilization II ilipotoka mwaka 1996, waundaji waliwapa askari kiwango cha uhai, na maajabu hayo yakapungua sana. Lakini aliyekuwa akiamini kwamba kompyuta inaiba hakujifunza mkakati wowote kwa miaka hiyo yote. Alijifunza ushirikina.

Age of Empires II nayo ina jambo kama hilo. Kwenye skrini unaona nguvu za mwenye mkuki ni ndogo sana. Usichokiona hapo ni nyongeza kubwa anayopata akipambana na wapanda farasi. Ukisoma tarakimu za skrini peke yake utamdharau, na utaendelea kununua farasi wa bei ghali ili wakafe. Waundaji walijua hivyo, ndiyo maana boksi la gemu lilikuja na karatasi kubwa ya kukunjua yenye mti mzima wa teknolojia. Karatasi ile haikuwa pambo.

Na tusidhani haya ni ya kompyuta tu. Njoo kwenye bao letu la Kiswahili. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Wengi hujifunza kwa kukaa kando ya wazee na kutazama. Sasa tazama hili: mchezaji anasambaza kete, kete ya mwisho inaangukia kwenye nyumba yake, anasimama. Baadaye inaangukia palepale tena, na safari hii anaivunja nyumba na kuendelea. Mtazamaji atasema nini? Kwamba mzee anafanya apendavyo? La. Wakati wa namua, ukiwa umekula, una hiari ya kulala au kusafiri. Ukiwa unatakata, huna hiari, lazima ulale. Matukio mawili yanayofanana kwa macho yana kanuni mbili tofauti nyuma yake. Unaweza kutazama mwezi mzima usizitenganishe. Mtu akikuambia kwa sentensi mbili, umezipata.

Sisi wa programu tunalijua jambo hili kwa jina lingine. Ukipewa mfumo usio na nyaraka, utautupia data moja moja na kutazama unajibu nini. Utapata picha fulani, lakini ni picha ya yale uliyojaribu tu. Ile hali usiyoijaribu itakungoja siku ya kuzindua. Unix ilipata kitabu chake cha kwanza cha maelezo mwezi wa Novemba 1971, na waliokiandika ndio haohao waliotengeneza mfumo. Hawakuona haya kuandika. Sisi leo tunaona haya kwa nini?

Utaniambia vijitabu havijafa, vimehamia kwenye intaneti, na kila gemu ina video elfu za kuifafanua. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba gemu za siku hizi hubadilishwa kanuni kila baada ya masasisho, hivyo kitabu kilichochapishwa kingepitwa na wakati haraka. Lakini hebu piga hesabu ya mtoto anayecheza kwa simu ya mzazi. Kanuni moja ya sentensi mbili anaifuata kwenye video ya dakika ishirini, ya Kiingereza, kwa bando la kununua. Mwenye bando anajua kanuni, asiye nalo anakisia. Wakikutana kwenye mchezo, tutasema mmoja ana akili kuliko mwingine. Mimi nasema mmoja amesoma sheria na mwingine amefichwa.

Basi pendekezo langu kwa wenzangu wanaotengeneza gemu hapa nyumbani ni hili. Hatua za kwanza zifundishe mkono bila maneno mengi. Kisha ndani ya gemu yenyewe, pasipo kuhitaji mtandao, weka kurasa nne za kanuni kwa Kiswahili: mapigano yanahesabiwaje, nyongeza zipi hazionekani, mchezaji ana hiari wapi na wapi hana. Kanuni ikibadilika, ukurasa ubadilike pamoja nayo, kwenye masasisho yaleyale. Ni kazi ya siku mbili. Ikikushinda kuiandika, jiulize kama wewe mwenyewe unazijua kanuni za gemu yako.

Na wewe mchezaji, cheza kwanza saa moja, ufurahi, ushindwe. Halafu ukasome. Utashangaa ni mangapi uliyoyaita bahati.