Kabla programu haijafungua mlango, mwenye nyumba aulizwe

Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, husubiri karibu, ndipo huingia. Asipojibiwa hurudi alikotoka. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hivyo ndivyo tunavyowalea watoto wetu. Lakini katika kompyuta na simu zilizomo majumbani mwetu zimo programu zinazoweza kufungua mlango na kutoa vitu nje bila ya mwenye nyumba kutambua kuwa ameombwa ruhusa. Wiki hii tunapenda kuzungumza na wazazi, pamoja na vijana wanaowasaidia, kuhusu programu za kupeana mafaili moja kwa moja, na hasa kuhusu ule ukurasa wake unaoitwa mipangilio.

Tuanze kwa kueleza namna zinavyofanya kazi. Kwa kawaida mtu anapotaka kusikiliza darsa mtandaoni, simu yake huliomba kutoka katika kompyuta kubwa ya kampuni fulani, nayo humletea. Programu tunazozikusudia huenda njia nyingine. Huunganisha mashine ya mtu na mashine ya mtu mwenziwe, na kila moja huwa mpokeaji na mtoaji kwa wakati mmoja. Njia hii ina manufaa yake: faili kubwa hufika kwa watu wengi pasina mtu mmoja kubeba gharama yote. Lakini kwa kuwa mashine yako nayo inatoa, mpangilio usioeleweka unaweza kutoa kile ambacho hukukusudia kukitoa.

Haya yamekwisha kuwafika watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu iitwayo Kazaa ilikuwa imeenea duniani kwa kupeana nyimbo na filamu, nyingi zikiwa ni kazi za watu zilizochukuliwa bila ya idhini yao. Mwaka 2003 watafiti wawili, Nathaniel Good na Aaron Krekelberg, walichapisha utafiti kuhusu mipangilio yake. Waliwapa watu 12 programu hiyo na kuwataka waseme ni mafaili gani ya kompyuta yaliyokuwa yakitolewa kwa wengine. Ni wawili tu waliojibu kwa usahihi. Waliobaki walikuwa mbele ya kompyuta iliyofunguliwa yote, nao hawakulijua hilo.

Sababu yake ilikuwa ndogo mno. Folda ambayo mtumiaji aliichagua kwa ajili ya kuwekea anavyovipokea, programu iliihesabu pia kuwa ni folda ya kutolea, pamoja na folda zote zilizomo ndani yake. Mtu aliyeelekeza vitu vyake viingie mahali anapohifadhi nyaraka zake zote alikuwa, kwa kubonyeza mara moja, ameziweka nyaraka hizo barazani. Watafiti hao waliwakuta watumiaji waliokuwa wakitoa hata barua pepe zao binafsi bila ya kujua.

Sasa tuyatafakari hayo kwa mizani ya nyumba zetu. Katika kompyuta ya familia mna picha za akina mama na mabinti wakiwa nyumbani bila ya stara wanayoivaa wanapotoka. Mna nakala za hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa na majibu ya hospitali. Vitu hivi ni amana. Vikishatoka na kuingia katika mashine ya mtu usiyemjua, hakuna kitufe cha kuvirudisha.

Watengenezaji wa programu wameyakabili matatizo haya kwa njia tofauti, na ni vyema tuzijue ili tupate kuchagua.

Njia ya kwanza ni kuficha kila kitu. Waanzilishi wa Kazaa, Niklas Zennström na Janus Friis, ndio walioanzisha Skype mwaka 2003, nayo katika miaka yake ya mwanzo ilipitisha mazungumzo kutoka mashine hadi mashine. Mtumiaji aliandika jina na neno la siri, akapiga. Programu ilijitafutia njia yenyewe, na familia nyingi zenye ndugu ughaibuni zilineemeka. Lakini urahisi huo ulikuwa na upande wa pili: kompyuta ya mtumiaji yenye intaneti nzuri iliweza kufanywa kituo cha kupitishia mawasiliano ya watu wengine. Aliyefichwa mambo hupumzika, lakini hajui anachokibeba.

Njia ya pili ni kumwaga kila kitu. Mfano wake ni nyingi katika programu zinazotumia utaratibu wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Mtu akiufungua ukurasa wa mipangilio hukutana na namba za milango ya mawasiliano, idadi ya miunganisho, viwango vya kasi na maneno ambayo hata msomi wa fani nyingine hawezi kuyafasiri. Katikati ya msitu huo limejificha jambo moja linalomgusa kila mzazi mfukoni: katika utaratibu huu mashine hutoa huku ikipokea, na mara nyingi huendelea kutoa hata baada ya faili kukamilika, mpaka uisimamishe. Anayetumia bando la simu anaweza kulikuta limekwisha wakati yeye alidhani kazi ilimalizika tangu jana.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipendelea: kuuliza machache, kwa lugha ya mtu, na kuyaweka mengine yote upande wa salama. Programu ya Transmission, iliyoanza mwaka 2005, ina kitufe chenye picha ya kobe. Ukikibonyeza, mwendo wa kupokea na kutoa hupunguzwa, ili wengine nyumbani nao wapate kutumia intaneti. Namba za viwango zipo nyuma ya kitufe hicho kwa anayezitaka, lakini bibi asiyejua chochote kuhusu kasi ya mtandao anamjua kobe.

Mfano mwingine ni Syncthing, iliyoanza mwaka 2013, ambayo kazi yake ni kuziweka folda sawa baina ya vifaa vyako mwenyewe au vya watu unaowaamini. Humo folda haitoki kwenda katika kifaa kingine mpaka pande zote mbili zikubaliane. Kila kifaa kina utambulisho wake wenye herufi na tarakimu 56, ambazo hakuna mzee atakayeziandika bila ya kukosea. Basi programu huuonyesha utambulisho huo kama picha ya mraba ya kusomwa kwa kamera ya simu. Wameupunguza usumbufu wa kuandika, lakini swali la ruhusa wameliacha mahali pake.

Hapo ndipo ilipo tofauti tunayotaka wasomaji waishike. Kurahisisha si kuyaondoa maswali yote. Swali la namba ya mlango wa mawasiliano na lijibiwe na programu yenyewe, kwani mwenye nyumba halimhusu. Lakini yako manne yanayomhusu yeye peke yake, na hakuna programu yenye haki ya kuyajibu kwa niaba yake: Ni nini kinachotoka? Kinakwenda kwa nani? Kinatumia bando la nani? Na kinakoma lini?

Tunawasihi wazazi wasiruhusu programu ya namna hii kukaa katika kifaa cha familia mpaka maswali hayo manne yamejibiwa. Itengewe folda yake pekee, tupu, isiyo ndani ya folda ya picha wala ya nyaraka, na isipewe folda nyingine yoyote. Iwekewe kikomo cha kutoa. Iangaliwe pia kama huendelea kufanya kazi baada ya dirisha lake kufungwa, kwani nyingine hujificha pembeni mwa kioo na kuendelea kimya kimya. Na ikiwa baada ya yote hayo jibu la swali la kwanza halijaonekana, programu hiyo iondolewe.

Kwa vijana tuna neno mahususi. Wazee wetu huwapa simu zao baada ya sala na kusema, "Mwanangu, niwekee kile anachotumia fulani." Kijana hubonyeza "kubali" mara tano, akairudisha simu, akaenda zake. Mzee huyo amekupa zaidi ya simu. Amekupa ufunguo wa nyumba yake. Kaa naye dakika kumi. Msomee kila ombi la ruhusa kwa Kiswahili, mwonyeshe folda inayotoa, kisha mwambie akuoneshe yeye namna ya kuisimamisha. Asipoweza, kazi yako haijakwisha.

Nanyi mnaosomea utengenezaji wa programu, kumbukeni kuwa kile mnachokiweka tangu awali ndicho ambacho watu wengi watabaki nacho, kwa sababu hawatafungua ukurasa wa mipangilio kamwe. Anayepanga awali ameamua kwa niaba ya maelfu. Andikeni maswali yenu kwa maneno ambayo mama zenu wangeyaelewa, na mlango uwe umefungwa mpaka mwenyewe aseme karibu.

Wabillahi tawfiq.