Talaka Isiyo na Mshtakiwa

Mume na mke wanaoachana Sindo, mji ulio kando ya Ziwa Victoria, hawana pa kukimbiana. Ufuo ni ule ule, soko la omena ni lile lile, na watoto wana babu na nyanya pande zote mbili. Neno lililotamkwa mbele ya hakimu litarudi nyumbani kabla ya waliolitamka. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 ingepaswa kuliona hilo, ila yenyewe ndiyo inayochochea moto. Kwa ndoa ya kiserikali inataja uzinzi, ukatili, upotovu uliokithiri na kutelekezwa kwa miaka 3. Ipo sababu ya tano, ndoa kuvunjika kabisa, lakini nayo huthibitishwa zaidi kwa makosa yale yale. Asiyetaka kumlaumu mwenzake ana njia: watengane miaka 2 kwanza. Kwa hiyo mwenye kisirani anapita mlango wa mbele, muungwana anapanga foleni. Wakili atamshauri mteja ataje ukatili, na ukishatajwa mwenzake hana budi kujibu.

Mali huongeza chumvi kwenye kidonda. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa katika Ibara ya 45 ya Katiba si kugawana nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Siupingi msingi huo, na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu hata kazi za nyumbani na malezi. Lakini mashua ikiwa na jina la mume, mke aliyeanika na kuuza omena miaka kumi bila risiti atathibitisha nini, akiwa tayari amepakwa matope kwenye kesi ya talaka?

Wapo watakaosema kwamba lawama ikiondolewa kwenye sheria ya talaka, mpigaji ataponea. Haponei: kipigo ni jinai, na tangu 2015 ipo sheria mahususi ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Wengine watasema wazee wanatosha. Sheria inaruhusu usuluhishi wa kimila kwa ndoa za kimila, na mara nyingi unasaidia. Ila pale mahari inapokuwa ndiyo mizani, mke huketi kikaoni kama mgeni. Uingereza, tulikorithi mfumo huu, iliachana nao Aprili 2022: tamko kwamba ndoa imevunjika, kisha kusubiri wiki 20. Bunge letu lifute orodha ya makosa, liweke muda wa kusubiri, na hakimu abaki kuamua masuala ya watoto na mali.