Risasi Ifaayo kwa Mnyama wa Kadiri ya Mbawala

Kila mwaka, mahindi yanapoanza kutoa ndevu katika bonde la Matandu, sisi watu wa Njinjo hulala dunguni, na kila mwaka, alfajiri, husikia maneno yale yale: "Nimempiga, lakini amekwenda na risasi." Msemaji huyasema kwa moyo mkunjufu, kana kwamba mnyama aliyekwenda na risasi ni kazi iliyokwisha. Mimi nasema kazi hiyo ndiyo kwanza imeanza, tena imeanza vibaya. Mbawala aliyepigwa tumboni huenda akafa kichakani siku ya pili, asiliwe na mtu. Nguruwe aliyevunjwa mguu hutafuta chakula chepesi, na chakula chepesi ni shamba lako au la jirani yako.

Watu hulaumu bunduki, wengine hulaumu mkosi. Rai yangu ni kwamba mara nyingi kosa liko katika kitu kilichoshindiliwa mtutuni, na katika umbali wa kupigia. Sineni habari za tembo, wala nyati, wala kiboko. Hao si wa mkulima, na habari zao zipelekwe kwa Askari wa Wanyama Pori. Nanena juu ya mbawala, tohe, swala pala, ngiri na nguruwe, yaani wanyama ambao uzito wao hauko mbali na uzito wa mtu. Wala simwambii mtu awinde bila leseni. Mwenye bunduki isiyoandikwa, au asiye na kibali, karatasi hii haimhusu.

Jirani yangu mmoja alimpiga nguruwe dume kwa gobori usiku, kama hatua arobaini kutoka dungu lake. Ndani ya gobori alikuwa ametia vipande vya misumari, kiganja kizima. Kulipopambazuka akafuata damu peke yake mpaka penye matete. Nguruwe alikuwa amesimama akimngoja. Alimpasua paja kutoka gotini hata karibu na nyonga, na mtu yule akakaa miezi miwili asishike jembe. Mkewe alipalilia peke yake, na wanyama wakala zaidi ya nusu ya shamba. Mbwa walipomkamata nguruwe yule baadaye, mimi mwenyewe nilimchuna bega. Nilitoa vipande saba vya misumari. Hapana hata kimoja kilichopita kina cha kidole changu cha kati.

Ndugu msomaji, fikiri sababu yake. Chuma ni chepesi kuliko risasi. Ukifanya vidonge viwili vya ukubwa mmoja, cha madini ya risasi kikiwa na uzito wa kumi, cha chuma kitakuwa na uzito wa saba tu. Kitu chepesi huchoka upesi hewani. Tena kipande cha msumari au cha nondo hakina umbo la kwenda sawasawa. Hupinduka-pinduka njiani, na kila kikipinduka hupoteza nguvu. Kikifika huingia kwa ubavu, hupasua ngozi, hukwama katika nyama ya juu. Mnyama huumia sana, lakini moyo wake na mapafu yake hayajaguswa. Gololi za baiskeli huenda vizuri kidogo kwa kuwa ni duara, ila wepesi wake ni ule ule, nazo hukwaruza mtutu.

Mnyama hafi kwa mshindo wa bunduki. Hufa kwa sababu damu imetoka upesi, ubongo ukakosa damu. Basi risasi ina kazi mbili: kufika ndani, na kufanya tundu pana huko ndani. Risasi ifikayo bila kupanua, na risasi ipanuayo bila kufika, zote mbili zitakufuatisha damu mpaka jua lichwe.

Kwa mwenye gobori, kitu chema kuliko vyote ni kidonge kimoja cha risasi laini, cha duara, kilichomiminwa katika kalibu, kikavikwa kitambaa kilichopakwa mafuta ili kisicheze mtutuni. Yafaa kujua kwamba bunduki iitwayo namba 12 ilipata jina lake hapo: ratli moja ya risasi ikigawanywa vidonge 12 vya duara vilivyo sawa, kila kimoja huenea katika mtutu wake. Kidonge hicho ni kizito, nacho kikigonga mfupa au nyama nene hupondeka, kikawa kipana zaidi. Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Kijerumani katika nchi hii walikuwa nayo bado Vita ilipoanza 1914, ilitupa risasi nene ya milimita 11, yenye uzito wa gramu 25, kwa baruti ya moshi na kwa kasi ndogo kuliko bunduki zilizokuja baadaye. Hata hivyo uzito wake uliipeleka ndani.

Lakini gobori halina mifereji ndani ya mtutu wa kuizungusha risasi, kwa hiyo kidonge hutangatanga. Hatua ishirini na tano ni mpaka mwema. Hatua arobaini ni bahati nasibu. Wako wanaodhani kwamba wakiongeza baruti wataongeza hatua. Wanachoongeza hasa ni hatari, na zaidi kwa magobori yaliyofanyizwa kwa bomba la maji, ambayo hupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Bunduki ya marisau hudanganya watu kwa namna nyingine. Kiasi kimoja cha SG, yaani ganda lenye baruti na marisau yake pamoja, huwa na vidonge vikubwa kama tisa. Kwa makadirio, marisau hutawanyika upana wa inchi moja kwa kila yadi moja ya mwendo. Kwa yadi 15 vidonge vyote viko pamoja, navyo humwangusha mbawala pale pale. Kwa yadi 40 vimeenea duara la inchi 40, naye mbawala kifua chake si kipana hivyo. Labda viwili vitaingia panapofaa. Vingine vitapiga tumbo, mguu, na mahindi yako.

Sasa nije kwa raifali, ambayo watu wa kwetu huiheshimu mno. Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Niliwahi kumpiga mbawala dume ukingoni mwa Matandu kwa raifali ya .303, nikitumia risasi za kijeshi, maana ndizo nilizopata. Alisimama ubavu, hatua themanini, nami nililenga vema nyuma ya bega. Aliruka, akaingia msituni. Niliona tone moja la damu, kisha hatua nyingi bila kitu, kisha tone jingine. Siku ya pili tai walituonyesha mzoga. Tundu la kuingilia na tundu la kutokea yalikuwa sawa, madogo, kidole changu kidogo kisingepita. Risasi ilikuwa imempita kama sindano ipitavyo nguo.

Risasi ile haikuwa na kasoro. Ilifanya kazi iliyoundiwa. Risasi ya .303 ya namna ya Mark VII, yenye uzito wa grain 174 na kasi ya futi 2,440 kwa sekunde, imefunikwa ganda gumu mpaka nchani. Mataifa yalipatana huko Hague mwaka 1899 kwamba vitani zisitumiwe risasi zinazopanuka mwilini, baada ya Waingereza kutengeneza risasi za namna hiyo Dum Dum, karibu na Calcutta. Mapatano yale yalitaka kumpunguzia majeruhi maumivu, nayo ni ya vita. Kwa mnyama jambo hugeuka kinyume: huruma kwake ni kufa upesi, na risasi ya ncha laini, iliyoachwa madini ya risasi yaonekane mbele, ndiyo imwuayo upesi. Hufunguka kama uyoga, ikafikia upana wa mara mbili hivi, na tundu la kutokea humwaga damu ya kutosha hata mtoto aweze kuifuata.

Ila nayo ina kiasi chake. Risasi laini iliyo nyepesi mno na ya kasi mno, ikipigwa karibu juu ya mfupa wa bega, huvunjika vipande-vipande kabla haijafika ndani. Hapo umerudi kwenye misumari ya jirani yangu, kwa gharama kubwa zaidi. Kwa mnyama wa kadiri hii nachagua risasi ya ncha laini yenye uzito wa wastani, ipigwe nyuma ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya kifua. Kwa nguruwe shusha shabaha kidogo tena.

Nchi hii yetu ina kumbukumbu yake ya pekee juu ya risasi. Vilima vya Umatumbi viko kaskazini yetu, na huko Nandete mwaka 1905 watu waliinuka wakiamini kwamba maji yangegeuza risasi ziwe maji. Wazee wetu walilipa imani ile kwa damu. Nashangaa kuona leo mtu akinunua hirizi ya bunduki kabla hajanunua kalibu.

Liko jambo la kuchinja. Wengi wa jirani zangu ni Waislamu, na mwindaji hutaka kumkuta mbawala yungali hai ili amchinje. Mimi ni mtu wa misheni, sina mamlaka ya kunena juu ya fikihi, waulizwe masheikh. Lakini nimeona wengine wakilenga miguu kwa kusudi hilo, na mara nyingi mnyama huwapotea, wakakosa nyama na uchinjaji pia. Na kwa nguruwe, asiyeliwa nao, uzembe huzidi: "Akafie mbali." Hafi mbali.

Jambo jingine ambalo wazee hawakulijua ni sumu. Lugha yetu huita madini na kitu kipigacho kwa jina moja, risasi, na yote mawili huua, moja upesi na moja polepole. Shirika la Afya Duniani lasema hapana kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wadhurikao zaidi, hasa akili zao. Basi kata nyama shubiri nzima kuzunguka jeraha, uifukie. Ikiwa risasi ilikuwa ya kasi na imevunjika, kata zaidi. Usiyeyushe madini ya betri za gari. Mvuke wake ni mbaya, na kidonge chake ni kigumu, hakipanuki. Jimbo la California, huko Marekani, limekataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu 1 Julai 2019, na wawindaji wa huko hutumia za shaba. Kwetu za shaba ni ghali, lakini kisu cha kukatia nyama tunacho.

Ukisha kupiga, usikimbilie. Keti nusu saa. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu. Mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi ni ya ini, ngoja zaidi. Ukiona majimaji ya kijani, umepiga tumbo: ngoja saa kadhaa, kisha nenda na mwenzako na mbwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya mpunga, kwa ruhusa ya polisi, nitachora duara la mkaa lenye upana wa sahani ya wali juu ya ubao, mbele ya kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya shamba la mfano. Kila mwenye leseni aje na gobori lake, baruti yake, na vidonge vitatu kwa kila umbali. Tutapiga kwa hatua ishirini, thelathini na arobaini. Umbali ambao mtu atakosa duara mara mbili kati ya tatu, tutaandika jina lake na umbali huo, naye asiupigie mnyama mwaka huo. Mwenye gobori la bomba aje mwenyewe, bila gobori.