Kanga Mbichi Mbele ya Hita

Mdogo wangu anakuja kusoma Minnesota Januari, na kule Tanga mama ameshakusanya makoti ya mitumba mpaka sanduku halifungi. Kila anayempigia simu anamtahadharisha na baridi. Hakuna anayemwambia habari za ukavu, na mimi ukavu ndio ulionitesa.

Baridi ya Minneapolis iko nje. Ukivaa vizuri utaistahimili. Ukavu unakungoja chumbani, palepale ulipokimbilia joto. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa, mwanangu wa miaka sita aliamka usiku foronya imelowa damu ya pua. Midomo ilikuwa imempasuka, miguu imepauka kama aliyetembea kwenye majivu. Nami kila nikishika kitasa cha mlango, cheche. Nilimpigia mama nikilia, nikidhani mtoto ana maradhi ya damu. Kumbe ni hewa.

Hewa ya baridi haibebi maji mengi. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takribani gramu moja tu ya mvuke, maji yasiyofika robo ya kijiko cha chai. Hewa hiyo ikiingia ndani, hita ikaipasha mpaka nyuzi 21, inapata nafasi ya gramu 18 hivi. Basi inakuwa na kiu. Inanyonya maji kwenye mbao za sakafu, kwenye ngozi, kwenye koo la mtoto aliyelala. Sisi tuliokulia mahali ambapo chumvi hulowa na kushikana kibakulini, nani angetufundisha kwamba hewa nayo huona kiu?

Wenzetu wengi hapa huinjika sufuria ya maji jikoni ikatokota usiku kucha. Hilo nalipinga kabisa. Maji yanakauka watu wamelala, mtoto anaweza kuivuta yakammwagikia, na jiko la gesi ndani ya nyumba iliyofungwa kila upenyo hutoa hewa ya sumu. Wengine hununua mashine ya kutia unyevu hewani wakaifungulia mpaka mwisho. Jirani yangu, mama wa Kikongo, alifanya hivyo kwa kuwapenda wanawe. Kila alfajiri vioo vya madirisha vilitiririka maji, na kufika Machi ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukuta nyuma ya kitanda. Watoto wakakohoa kuliko mwanzo.

Ndiyo maana nasema kwa kila anayehamia huku: nunua kipimo cha unyevu kabla ya kununua mashine. Ni kidude kidogo kama saa ya mezani, dola 10 hivi. Changu siku ya kwanza kilisoma asilimia 14. Kati ya 30 na 50 panafaa. Baridi ikizidi sana, ridhika na 20 na kitu, la sivyo vioo vitaanza kutoa jasho.

Halafu nikafanya jambo ambalo bibi yangu angelielewa bila kipimo. Nilifua doti moja ya kanga, nikaikamua, nikaianika kwenye kiti mbali kidogo na hita chumbani kwa mtoto. Asubuhi kanga zilikuwa kavu kau na kipimo kimesimama kwenye 27. Foronya ilikuwa safi. Tangu hapo nguo zetu zote tunazianika ndani, na mashine naiwasha zile wiki kali tu.

Mwenye mashine aibembeleze kama chupa ya mtoto mchanga: amwage maji ya jana, aisugue, aikaushe, atie maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvichumvi. Na asithubutu kuchanganya dawa ya kuua vijidudu kwenye maji hayo. Korea Kusini familia nyingi zilifanya hivyo kwa kuiamini chupa iliyouzwa dukani kwa kazi hiyohiyo, na mwaka 2011 ikabainika kwamba dawa ile ilikuwa ikiharibu mapafu. Watu wengi walikufa, wakiwemo watoto wachanga na wajawazito.

Jana nilimwomba mama atoe koti moja sandukuni, atie doti mbili za kanga. Nimemwambia asinunue mpya. Mpya zina wanga, hazinywi maji. Atie zile kuukuu, zilizofuliwa mpaka zikalainika. Kipimo nitampokea nacho mdogo wangu uwanja wa ndege.