Dawa Hupimwa kwa Mizani, si kwa Bendera

Majuzi nilikuwa Nairobi, mtaani Woodley, nyumbani kwa mpwa wangu. Baada ya sala ya Alasiri tuliketi barazani pamoja na jirani yake, mzee wa heshima zake. Mazungumzo yakaangukia misaada ya Marekani iliyosimamishwa Januari 2025, na hofu iliyowashika wagonjwa wa UKIMWI kuhusu dawa zao. Mzee akanambia, "Ustadh, lau tungaliishika Kemron yetu, leo tusingalipiga hodi kwa watu."

Nilinyamaza kidogo, maana Kemron naikumbuka. Mwaka 1990, nami kijana Mombasa, tulipata habari kuwa Rais Daniel arap Moi ameitangaza dawa hiyo. Ilitoka taasisi ya utafiti ya KEMRI, jirani na Hospitali ya Mbagathi, si mbali na Woodley. Ilikuwa interferoni kwa kipimo kidogo mno, ya kuyeyushwa mdomoni. Tulijawa na fahari: Mwafrika kavumbua! Hata Marekani, wakuu wa Nation of Islam waliipigia debe.

Lakini fahari si tiba. Tangazo lilitangulia kipimo. Majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda lililochapishwa mwaka 1998, hayakuona faida yoyote.

Chuoni tulisomeshwa Suratul-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao katika vipimo. Jaribio la dawa nalo ni mizani: wagonjwa hawa hupewa dawa, na wale kitu kifananacho nayo kisichokuwa dawa, kisha wote wakatazamwa pasi na yeyote kujua nani kapewa nini. Mizani hiyo haimjui rais wala raia, Mzungu wala Mwafrika. Anayeisukuma kwa kidole, ijapokuwa kwa kuipenda nchi yake, humpunja mgonjwa.

Je, siasa isiikaribie tiba kabisa? La hasha! Mahali pake ni penye bei. Dawa zilizothibiti zilikuwapo Ulaya na Marekani tangu mwaka 1996, lakini tiba ya mwaka mmoja iligharimu kiasi cha dola 10,000 kwa mgonjwa. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Dawa ni zile zile. Kilichobadilika ni nani ana ruhusa ya kuzitengeneza na kuziuza. Mwaka huohuo Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Kiviwanda, iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu.

Mwaka 2008 ikaja sheria ya kupambana na bidhaa bandia, ambayo maneno yake yangaliweza kuzitia dawa hizo halali katika kapu moja na za bandia. Watu watatu waishio na virusi wakaenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kuwa vifungu hivyo vinahatarisha haki yao ya uhai, utu na afya. Hiyo ndiyo siasa inayomfaa mgonjwa.

Basi uchungu wa mzee wangu ni wa haki, ila kauelekeza pasipo pake. Kujitegemea si kuitukuza dawa isiyofaa kwa kuwa ni yetu. Ni kuitengeneza au kuinunua, kwa fedha zetu, ile iliyopimwa ikafaa. Aprili 2001 huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi ni deni, na deni hilo hatuwezi kuwadai Wamarekani.

Adhana ya Magharibi ilipolia, mzee aliinuka akauliza, "Basi tumdai nani?"

Nikamwambia, "Mbunge wako, mzee wangu. Na umdai kabla ya bajeti kusomwa, si baada yake."