KARATASI KWANZA, SPANA BAADAYE



Sisi wafanya kazi wa reli twataka kusema wazi juu ya jambo ambalo watu hulinung'unikia kando kando, wala halisemwi mkutanoni. Ni wizi wa magereji. Wengi wetu siku hizi tuna vigari vya mkopo. Fedha zilitoka katika chama chetu cha akiba, na kila mwisho wa mwezi hukatwa katika mshahara kabla hatujaushika. Basi mwenye gereji akimwibia mtu wa namna hiyo, hakumwibia tajiri. Ameiba karo ya watoto na unga wa nyumbani.

Hila zao twazijua. Gari huingia kwa sababu breki zinalia, nalo hutoka na hesabu ya breki, plagi, betri na shoki. Betri nzuri hutolewa, kuukuu ikatiwa mahali pake. Filta ya oili hupanguswa kwa kitambaa na kurudishwa, nawe walipa filta mpya. Petroli iliyokuwa nusu tangi hurudi robo. Na hila kubwa kupita zote ni hii: injini hufunguliwa upesi, vyuma vikatawanywa chini, ndipo bei inapotajwa. Utakwenda wapi? Ukibisha waambiwa ulipe gharama ya kufungua, na ya kuegesha juu yake.

Mwenzetu mmoja alilipia pedi mpya za breki katika gereji moja hapa Nairobi. Siku ya nne, akiteremka kutoka Ngong na watoto wake ndani, chuma kikasaga chuma na gari likakataa kushika. Ashukuriwe Mungu, lilisimama katika majani kando ya barabara. Gurudumu lilipofunguliwa zilionekana pedi zile zile za zamani, zimepakwa rangi. Huo si wizi wa shilingi tu. Ni kucheza na roho za watu.

Wako wanaosema, "Mafundi wote ni wezi, hasa wa jua kali." Hayo hatuyakubali hata kidogo. Fundi wa jua kali ni mfanya kazi kama sisi, na wako wengi walio waaminifu kuliko gereji zenye ukuta na karani. Yule kijana anayelala chini ya gari kutwa nzima, mara nyingi hana mshahara, hupewa nauli na chakula tu. Si yeye aandikaye hesabu. Adui yetu ni udanganyifu, awe amevaa ovaroli au tai.

Je, kwa nini wizi huu hauishi? Ni kwa sababu mwenye gari huenda peke yake na kupatana kwa mdomo. Mwenye gereji ajua kwamba huyu hana karatasi wala hana mwenzake. Ndivyo walivyofanya waajiri kabla ya vyama: walimwita mtu mmoja mmoja, wakamwahidi kwa maneno, na mwisho wa mwezi wakakana. Kilichowafunga hakikuwa machozi yetu. Kilikuwa mkataba ulioandikwa, na watu wengi nyuma yake. Dawa ni ile ile. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika karakana ya reli kazi huandikwa: kasoro ni ipi, nani ametengeneza, chuma gani kimetolewa na kipi kimetiwa. Mbona gari lako lifunguliwe kwa neno la "usijali, mkubwa"?

Sheria nayo iko. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Sheria ya mwaka 2012 ya kulinda watumiaji bidhaa ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Tena iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu aweza kujisemea bila wakili, na kesi yapasa kumalizika katika siku 60.

Kwa hiyo kila mwanachama ashike haya:

1. Spana isiguse gari kabla ya kasoro na bei kuandikwa na kutiwa sahihi. Likionekana jingine, upigiwe simu kwanza.
2. Andika kilomita, kipimo cha petroli na namba ya betri. Piga picha.
3. Bei ya spea ulizia mwenyewe, Barabara ya Kirinyaga au kwingineko, maduka mawili au matatu.
4. Vyuma vilivyotolewa urudishiwe mkononi.
5. Dai risiti. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, maana ni ushahidi.

Mtasema, "Fundi atakasirika." Fundi mwaminifu hakasiriki, kwa kuwa karatasi humlinda yeye pia na mteja mkorofi. Anayekasirika amejitaja mwenyewe.

Mwisho, aliyeibiwa asinyamaze kwa haya. Alete karatasi zake kwa katibu wa tawi. Nayo kamati twaitaka ifungue daftari la magereji: waaminifu wapewe kazi yetu sote, na wadanganyifu wasipate hata gurudumu moja la mwanachama. Na mtu akienda kudai haki yake, asiende peke yake. Mmoja hufukuzwa langoni, kumi hupewa viti.

Umoja ni nguvu, hata gerejini.