Bampa Iliyopasuka Haitupwi

Bodaboda ikimkwaruza mwenye gari karibu na soko la Kariokor, ushauri anaopewa na kila mtu ni mmoja: plastiki haitengenezeki, nenda Grogan ukanunue bampa ya ex-Japan, yaani ya mitumba. Anatoka Ziwani, amepita mafundi wawili watatu waliokaa na vifaa vyao, anakwenda huko Grogan, Barabara ya Kirinyaga, kumwaga pesa. Ushauri huo ni wa uongo, na umewagharimu watu wa Eastlands kwa muda mrefu mno.

Geuza bampa uitazame upande wa ndani. Mara nyingi utakuta herufi PP zimechapwa humo, yaani polipropilini, ambayo huchanganywa na mpira ili ihimili mgongano. Plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, ikipoa inashikana tena. Kwa hiyo inachomeleka. Fundi anayejua kazi hutoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, akauchimba ufa wenyewe uwe mfereji, akakata vijiti kutoka bampa nyingine iliyokufa yenye herufi zilezile, akaviyeyushia humo. Kwa ndani hupachika wavu wa chuma. Ufa ukifungwa namna hiyo, haurudi kwa kugongwagongwa kwenye foleni ya Jogoo Road.

Wanaopinga watakuonyesha bampa iliyobambuka rangi baada ya mvua za kwanza. Nami nimeziona. Lakini uliza ilitengenezwaje. Ilibandikwa faiba, au supaglu, na vyote viwili havishiki polipropilini. Juu yake ikapakwa pati ya bati, ambayo ni ngumu, ilhali bampa hunepa, pati ikapasuka. Kisha rangi ikapulizwa bila praima ya plastiki, juu ya nta na mafuta ya kung'arishia ambayo hakuna aliyeyaosha kwa sabuni. Hapo plastiki ina kosa gani? Na mara nyingi aliyeruka hatua hizo alilazimishwa na mteja aliyeleta gari saa sita akalitaka saa kumi, akakataa kulipia praima.

Sasa itazame hiyo bampa ya ex-Japan. Kenya huruhusu kuingiza magari yasiyozidi umri wa miaka 8, na bampa nyingi za mitumba zilifunguliwa kwenye magari makuukuu kama hayohayo. Ni plastiki ileile, iliyopigwa na jua miaka ileile. Rangi nayo ni bahati nasibu. Hata nyeupe ya Toyota si moja: 040 ni nyeupe tupu, 070 ina lulu na hupakwa kwa tabaka. Utaipeleka ikapakwe upya, kwa fundi yuleyule uliyekuwa unamkimbia.

Zipo bampa za kuacha. Masikio ya kufungia yakipotea yote, au kipande kikubwa kikibaki barabarani, nunua nyingine. Na kabla ya yote bampa ifunguliwe, kwa sababu nyuma yake kuna povu na chuma vinavyopokea kishindo. Anayepaka rangi bila kuvikagua anakuficha hatari. Magari mapya yenye rada nyuma ya bampa hayataki pati nene mbele ya kifaa hicho.

Linaloniuma zaidi ni afya ya vijana wanaofanya kazi hii. Hadena ya rangi nyingi za magari ina isosayaneti, kemikali inayoleta pumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Tukiendelea kuwapunja kwa imani kwamba kazi yao ni ya kubahatisha, barakoa yenye vichujio wataipata wapi?

Basi ukifika Ziwani, muulize fundi anaweka nini kati ya plastiki na rangi. Akikujibu praima ya plastiki, mlipe anachostahili, umwachie bampa hadi kesho kutwa.